Sindano za Kichina kwa Mbwa Mzee

SWALI: Daktari, mbwa wangu ana umri wa miaka 12 na kila asubuhi huinuka kwa shida kwa sababu ya baridi yabisi ya nyonga. Daktari wa mifugo hapa Minneapolis anapendekeza sindano za Kichina pamoja na dawa. Je, zinafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, zinaweza kujaribiwa, mradi dawa zisiachwe. Sindano hizi ni nyembamba mno, hazina dawa ndani, na huchomwa katika sehemu maalumu za mwili, zikaachwa hapo kwa takriban dakika 10 hadi 30. Mbwa wengi hutulia, wengine husinzia kabisa, ilhali paka huwa wagumu zaidi kuvumilia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza tiba hii wala kuikataa, na ndiyo maana mimi ningeanza na kumpunguza mbwa uzito ikiwa amenenepa, ushauri ambao wenye mbwa hawapendi kuusikia. Hakikisha anayechoma ni daktari wa mifugo aliyesomea fani hiyo, na umweleze mapema kama mbwa ana saratani au damu yake haigandi vizuri.