Fremu ya kutandia mtande wa mita 5

Dada, kwa mtande (nyuzi za urefu zinazopangwa kabla ya kufuma kitambaa) wa mita 5 huhitaji kununua fremu ya kuupangia; fundi seremala yeyote wa mtaani ataimaliza kwa siku moja. Mwambie aunge mbao nne za mbili kwa mbili ziwe mraba, upana wa mita 1 kutoka vigingi vya kushoto hadi vya kulia. Uzi ukivuka fremu mara tano, kutoka upande mmoja hadi wa pili, urefu wako umepatikana.

Kazi iko kwenye vigingi. Viwe vya mti mgumu, unene wa sentimita 2, vichomoze kama 15, na matundu yatobolewe kwa kulalia nje kidogo ili uzi usichomoke. Vigingi laini hupinda kadiri nyuzi zinavyoongezeka, na nyuzi za mwisho hutoka fupi kuliko za kwanza. Kwa hiyo usivute sana. Vigingi vipige msasa tu, rangi ya nini?

Juu weka vigingi viwili vya karibu kwa ajili ya mpishano: uzi ukienda upite juu ya kimoja na chini ya kingine, ukirudi ugeuze. Funga mpishano huo kwa kamba ya rangi tofauti kabla hujautoa mtande, la sivyo hutajua uzi upi unafuata upi.