Mbelewele zisizo na chavua

Ndugu yangu wa Malindi, unasema ulijiwekea mbegu kutoka mahindi chotara ya msimu uliopita, na sasa baadhi ya mimea ina mbelewele, yaani maua ya kiume ya kileleni, zisizo na chavua. Jirani yako anadai ni njama ya wauza mbegu. Hapana, si njama.

Kwanza hakikisha. Asubuhi, umande ukishakauka, kung'uta mbelewele juu ya kitambaa cheusi. Buibui kuukuu latosha. Chavua itaanguka kama unga wa manjano. Mhindi uliopungukiwa nguvu za kiume, vifuko vyake vya chavua hunywea au havichomozi kabisa, ilhali ndevu za gunzi ni nzima na hupokea chavua ya mimea mingine bila shida.

Wazalishaji wa mbegu chotara huitaka hali hiyo kwenye safu za mama, yaani mimea inayozaa mbegu, maana huwaepusha na kazi ya kung'oa mbelewele kwa mkono. Chanzo kimo kwenye mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati, ambavyo hurithiwa kwa mama tu. Baba huleta jeni ya kurudisha uzazi, nayo hukaa kwenye kiini cha seli. Ukipanda mbegu ulizojiwekea kutoka mavuno ya chotara, baadhi ya mimea yaweza kuikosa jeni hiyo. Ila jua kali na ukame pia huua chavua, usiilaumu mbegu peke yake.

Ninachokiogopa mimi ni kingine: mwaka 1970 huko Marekani mahindi mengi yalikuwa na utasa huo wa kiume wa aina moja, uitwao wa Texas, na ugonjwa wa ukungu wa majani, unaoyashambulia zaidi mahindi ya aina hiyo, ukala takriban asilimia 15 ya mavuno.

Chotara nunua upya kila msimu. Ukitaka mbegu ya kujiwekea, panda Coast Composite, mahindi ya pwani yasiyo chotara.