Ukiishi Houston usitegemee frizi peke yake

Sisi Wabongo wa hapa na wenzetu Wakenya na Wakongo tunapenda kuchanga, tunanunua mbuzi mzima, tunagawana, kila nyumba inajaza frizi yake na mtu anaona ana akiba ya kutosha. Ila akiba hiyo ni ya umeme jamani. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita zaidi ya wateja milioni 2 walikosa umeme, na kwa joto la Houston nyama haikukawia kunuka, watu walimwaga mifuko na mifuko. Na ile baridi ya Februari 2021 hata maji yalikuwa shida, mji mzima tuliambiwa tuchemshe kwanza.

Ndo maana nasema ongezeni vyakula vilivyogandishwa vikakaushwa. Chakula kinagandishwa, kinaingizwa kwenye mashine inayofyonza hewa, barafu yake inageuka mvuke bila kupitia maji, kinabaki kikavu kabisa na umbo lake lilelile. Kopo ambalo halijafunguliwa watengenezaji wengi wanasema linakaa hadi miaka 25, lakini hiyo ni mahali pakavu penye ubaridi, sio gereji, gereji ya Texas kiangazi ni tanuri. Mimi naweka kwenye kabati la nguo chumba cha ndani.

Sasa msikimbilie zile ndoo kubwa zinazotangazwa zina milo mia na kitu. Igeuze usome kalori, manake mtu mzima anahitaji kama 2,000 kwa siku na "mlo" mmoja humo unaweza kuwa kalori 200 tu, mingine ni kinywaji cha unga na sukari. Mchele, sembe na maharage nunua vya kawaida, bei nafuu sana. Hela yako ipeleke kwenye vitu ambavyo stoo ya kawaida haiwezi kuvitunza, nyama, kuku, mayai, spinachi, hoho, na matunda kwa ajili ya watoto. Waislamu wenzangu, kopo la nyama lisiloandikwa halali liacheni, mayai na mboga vinatosha kuanzia.

Kupika ni rahisi mno. Vipande vya nyama vinakuwa vyepesi, ukivitikisa bakulini vinagongana vikavu, unamwagia maji ya moto, unafunika kama dakika 10, halafu kata kipande kimoja uangalie katikati, kikiwa bado kigumu ongeza maji kidogo usubiri. Baada ya hapo kaanga kitunguu na nyanya ya kopo utie nyama yako, gesi inayotumika ni kidogo kuliko ya kuchemsha maharage makavu. Jiko la mkaa au la kambi lisiwashwe ndani hata kidogo, 2021 kuna watu walikufa hapa Houston kwa ile hewa yenye sumu isiyo na harufu.

Maji ndo yanasahaulika. Kiwango kinachoshauriwa ni galoni 1 kwa mtu kwa siku, kama lita 3.8, mimi ya kulainisha chakula naongeza juu ya hapo.

Na ukishafungua kopo kubwa, unyevu wa huku unaingia haraka, kwahiyo siku hiyohiyo gawa kwenye chupa za kioo zenye mfuniko wa kubana, mkimalize chakula hicho ndani ya wiki chache. Familia ndogo nunueni makopo madogo hata kama bei iko juu kidogo.