Semina ya fizikia: nenda, kaa mbele, uliza

Kama unasoma fizikia mwaka wa kwanza au wa pili, tangazo la semina likibandikwa ubaoni idarani usilipite ukidhani linawahusu wahadhiri na watu wa uzamili tu. Nenda. Hutaelewa kila kitu, na hilo lisikuvunje moyo: mada ikiwa nje ya fani yao, hata maprofesa huachwa njiani.

Mimi husoma ikisiri, yaani muhtasari wa mada, usiku wa kuamkia semina, nikatafuta maana ya maneno mawili matatu yanayonitatiza. Ukumbini nakaa mbele, na dakika kumi za mwanzo naandika jambo moja: huyu anataka kujua nini? Hapo ndipo mtoa mada huzungumza na wote. Baadaye huzungumza na wa fani yake. Milinganyo ikianza kumiminika sihangaiki kuinakili. Nasubiri grafu.

Grafu moja ikisomwa vizuri inatosha kwa siku hiyo. Mhimili wa chini unapima nini, na wa wima je? Namba zinapanda moja moja au mara kumi kumi? Nukta ni vipimo vya maabara, sawa, lakini mstari unaopita katikati yake ulitabiriwa na nadharia kabla ya jaribio, au umepindishwa baadaye ili uzifuate nukta? Halafu tazama vile vistari vidogo juu na chini ya kila nukta, vinavyoonyesha shaka ya kipimo. Vikiwa virefu kuliko tofauti anayoitangaza mtoa mada, swali lako umeshalipata.

Basi liulize. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa, na Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania, alichekwa kweli. Mwaka 1963, akiwa Sekondari ya Magamba, Tanga, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, alikuja mwanafizikia Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Wakati wa maswali Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kiasi kilekile, vyombo vinavyofanana, kwa nini yale ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini alirudi Dar akaagiza lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja.

Swali lile bado linaishi. Kwa upande wa maji yenyewe wapo wanaobisha. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden waliripoti kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa maji ya moto hutangulia. Lakini mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, waliliona tukio hilo, la chenye moto zaidi kutangulia kupoa, kwenye kipira cha kioo chembamba kuliko unywele, kikielea majini huku kikiongozwa na leza. Mwaka 2024 likaonekana kwenye ioni (chembe zenye chaji ya umeme) zilizonaswa, katika fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno. Leo watafiti husimama mbele ya projekta wakieleza “athari ya Mpemba”, na chanzo chake ni swali la mwanafunzi wa sekondari, fupi, lenye namba zake, bila hotuba mbele yake. Liulize hivyohivyo.

Idara yako ikiwa haina semina, ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichopo Trieste, Italia, iliyoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, huweka mihadhara mingi mtandaoni bure. Tawi lake la Afrika Mashariki lipo Kigali tangu 2018, fuatilia matangazo yake. Na ukiangalia video peke yako, ikifika grafu ya kwanza isimamishe, ziba sauti, uandike mwenyewe inasema nini kabla hujamsikia mtoa mada akiieleza.