Kabla hujamnunulia mtoto tableti, muokotee visoda

Juzi dada mmoja kaniandikia inbox, mwanae ana miaka minne, anauliza anunue tableti gani ili mtoto ajue kusoma kabla hajaanza la kwanza. Nikamjibu kwa kifupi halafu nikaona hapana, hili niliandike lote, maana wamama wenzangu mnaniuliza hilo hilo kila siku na najua wote tunataka kitu kimoja, watoto wetu wajue kusoma na wapende.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa chekechea, inglishi midiamu moja hapa Dar siitaji, mwalimu alisimama kwenye kikao cha wazazi akasema huyu mtoto ni mzito, arudie darasa. Mbele za watu jamani. Mtoto wa miaka mitano ambaye nyumbani anakusimulia hadithi ya sungura na fisi mwanzo mwisho, na sauti za wote wawili anaziigiza, anaitwa mzito kisa hajashika maneno ya kizungu ambayo hajawahi kumsikia mtu yeyote wa kwetu akiyatumia. Mpaka leo nikikutana na yule mwalimu sokoni salamu inanitoka kwa shida.

Nikaamua namfundisha mwenyewe, kwa Kiswahili, jioni nikitoka kazini. Nikaenda kwa Mangi wa dukani kuomba visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, akanipa mfuko mzima bure, nikaviosha nikavianika, kila kimoja nikaandika silabi kwa makapeni, ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, hivyo hivyo mpaka nikamaliza. Tunakaa mkekani, namwekea LI na MA, anasoma lima. Nikavigeuza, MA ikatangulia, akasoma mali. Akanyamaza, akavigeuza tena mwenyewe, lima, mali, lima, mali, akaanza kucheka kama kaona kiini macho. Kuanzia hapo ikawa kazi ni kwake, kata ikageuka taka, sema ikageuka mase, akauliza mase ndo nini mama, nikamwambia halipo hilo neno, akasema basi liwe jina la paka wetu. Na kweli paka anaitwa Mase.

Lugha yetu inaandikwa kama inavyotamkwa, mtoto akishika silabi za mwanzo milango imefunguka, hizo za ng' na mb na nd zitakuja taratibu, usimkimbize. Na akishaelewa kusoma ni nini kwa lugha yake, hicho kizungu atakikuta njiani. Wangu kakikuta.

Siku visoda vikichosha tunakanda unga. Vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, maji unaongeza kidogo kidogo mpaka uache kunata mikononi, ukitaka wa njano tia binzari. Chumvi ndo inafanya usiharibike upesi, ukiuweka kwenye kopo lenye mfuniko unakaa siku kadhaa. Wanaviringisha vijinyoka wanaunda herufi, wanaunda ng'ombe, chapati, kila kitu, na vile vidole vinapata nguvu ya kushika penseli. Waambie tu hauliwi huo. Boksi la maziwa nalo usitupe, toboa visoda vinne kwa msumari, pitisha vijiti vya mshikaki, gari hilo, mwambie aandike namba ubavuni.

Vitabu sasa. Msiniambie vitabu ghali, nenda African Storybook kwenye intaneti, hadithi fupi za watoto zimejaa, za Kiswahili zipo, bure kabisa, unazishusha kwenye simu au unaprinti stesheneri. Ukiwa na kahela pita duka la vitabu la TPH pale mtaa wa Samora uchukue hata kimoja kwa mwezi. Kwangu kila usiku lazima paukwa, wao pakawa, halafu nasoma huku kidole kinatembea chini ya maneno ili waone sauti inatoka wapi, na nikifika pale fisi anapotaka kula nanyamaza makusudi, wanagombania kumalizia. Hadithi moja tunaweza kuirudia wiki nzima, waache, wanaipenda.

Mwezi uliopita huyo huyo mzito, yuko la pili sasa, kasimama kanisani kasoma somo siku ya watoto, hakukwama hata mahali pamoja. Nililia. Nilitamani yule mwalimu angekuwepo.

Wazazi wenzangu, mtoto anakutaka wewe. Unampa simu ili atulie upike, sawa, sote tunapika, lakini mwite jikoni akuhesabie nyanya, akusomee paketi ya chumvi. Na kina baba nyie, kusoma hadithi siyo kazi ya mama peke yake, mpira unaangalia dakika tisini, kumi za mtoto zinakushindaje? Usingoje shule ikwambie mwanao ni nani, mjue mwenyewe kwanza.

Wenye watoto chini ya miaka mitatu, visoda subirini kwanza, atameza, na vingine vina makali pembeni. Hao wapeni vifuniko vikubwa vya ndoo na kitabu cha picha cha karatasi ngumu, akikitafuna kitafunwe.