Anza na tundu la ushanga, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako niliupata Ijumaa, nikausoma mara mbili, kisha nikavaa miwani nikaitazama ile picha ya bangili tatu zilizokatika. Umeniuliza: "Mama, ninunue uzi gani na shanga gani ili hizi kazi zangu ndogo ndogo zidumu? Wateja wameanza kunirudishia." Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana jibu la kwenye simu ungelisahau kabla hujafika dukani.

Nianze na nilichokiona kwenye picha. Niliikuza nikatafuta ncha za uzi. Ile bangili ya buluu, ncha imefumuka nyuzinyuzi kama brashi iliyochakaa. Huo ni uzi wa pamba wa cherehani, umelika kidogo kidogo kwa jasho na maji. Ya kijani, uzi wake mzima, haukukatika popote. Fundo ndilo lililofunguka, kwa kuwa ulitumia mshipi wa kuvulia, ule unaong'aa kama kioo. Ya tatu, yenye shanga ndefu za mrija, ncha imekatwa safi kama kwa wembe. Hapo shanga zenyewe ndizo zilizokata uzi. Bangili tatu, maradhi matatu, nawe umeniomba dawa moja.

Hayo maradhi ya tatu nayajua kwa uchungu. Wewe ulikuwa mdogo, nilimtungia bibi harusi mmoja mkufu wa shanga za mrija rangi ya dhahabu, uzi wa nailoni mzuri kabisa. Ukakatika ukumbini, watu wameketi mkekani, shanga zikamwagika mpaka miguuni kwa wageni. Nilipiga magoti nikaokota nilizoweza. Usiku nikakaa na taa, nikauchukua ushanga mmoja wa mrija nikaupitisha ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ukaacha mchirizi mweupe. Toka siku hiyo sitii mrija kwenye uzi bila kuuwekea ushanga mdogo wa mviringo kila upande, ili uzi ukikunja kona uegemee kwenye ulaini. Fanya hivyo hivyo kwa vile vioo vya kukatwa vyenye pembe.

Sasa swali lako. Wewe unaanza na rangi, nimeona. Kila mtu huanza na rangi, na mimi nilianza hivyo. Nakuomba uanze na tundu. Bangili ya kufuma kwa sindano si kama mkufu wa kutunga tu, ambao uzi hupita mara moja ukaishia. Katika kufuma, uzi hurudi ndani ya ushanga ule ule mara mbili, pembeni mara tatu, na pale kwenye kifungo mara nne au tano. Kwa hiyo kabla ya kununua, mwombe muuza shanga akupe chache uzijaribu. Tia uzi kwenye sindano, upitishe katika ushanga mmoja mara nne. Ikiwa mara ya nne sindano inapita kwa vidole tu, uzi na ushanga huo vinafaa kuoana. Ikibidi uivute kwa koleo, acha. Kioo kitapasuka, na ufa wake utakata uzi wiki mbili baadaye, bangili ikiwa mkononi mwa mteja.

Namba za shanga zinakwenda kinyume na unavyodhani: namba ikipanda, ushanga unapungua. Namba 11 ina kama milimita 2, namba 8 kama 3, namba 6 kama 4. Namba 15 ni milimita moja na nusu, hiyo iache kwanza, macho yako bado tunayahitaji. Ukikuta shanga za kupima kwenye vikopo bila namba, zilaze kumi kwenye rula, matundu yakitazama juu, zikigusana. Zikifika sentimita 2 ni namba 11. Kwa kazi ndogo kama hereni na bangili nyembamba, 11 ndiyo yako. Kwa mtoto anayejifunza, au kitu cha kumaliza jioni moja, chukua 8.

Utakutana na za Jamhuri ya Cheki na za Japani. Zile za Cheki zimebonyea kama andazi la kukandamizwa, hazilingani sana, nyingine nene nyingine nyembamba, na mara nyingi huja zimetungwa katika mashada. Akina mama wa Kimaasai wanazifanyia kazi za kupendeza hata hivyo, kwa kuwa jicho lao limezoea kuchagua. Za Japani, kama Miyuki na Toho, zinalingana zaidi na matundu yake ni mapana, ila bei inauma. Ushauri wangu: michoro ya herufi na majina ya watu, ambayo safu ikipinda kila mtu anaona, ifanye kwa za Japani. Maua na mistari fanya kwa za Cheki, lakini zimwage kwanza kwenye kitambaa cha taulo, zisiviringike, uondoe zilizopinda na zenye tundu bovu. Usizionee huruma.

Kiasi pia uliniuliza. Bangili ya sentimita 16, upana shanga 10 za namba 11, inakula kama shanga 760, yaani gramu 7 hivi. Nunua gramu 10 za mchanganyiko wako wote, usinunue robo kilo ya rangi moja kwa sababu imekuvutia. Lakini rangi ya msingi nunua ya kutosha mara moja. Pakiti ya mwezi ujao inaweza kuwa tofauti kidogo, na tofauti hiyo huiona ukishafika katikati.

Uzi. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akitungia watu utunda wa kiunoni, na alijua kwamba kinacholala na mtu, kinachooga na mtu, uzi wake una siku zake. Aliwaambia wenyewe warudi autunge upya kabla haujakatika. Alitumia pamba kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Wewe una nailoni na poliesta. Nailoni ya kusokota ni laini, inafaa hereni za kuning'inia na kazi inayotakiwa ilale mwilini, ila inavutika ikarefuka. Ukishakata uzi, uvute kwa mikono miwili ukazike, kisha uupitishe juu ya nta ya nyuki mara mbili tatu, ndipo utunge. Usipouvuta, bangili italegea yenyewe.

Kwa bangili na chochote kinachobeba kifungo cha chuma, tafuta mshipi wa kusukwa, sio ule wa kioo. Ni wa wavuvi vile vile, lakini ni nyuzi nyembamba sana zilizoshikana, hauvutiki ukarefuka, na shanga haziukati upesi. Wa kuhimili uzito wa paundi 6 unatosha shanga za namba 11. Unene wake ni kama milimita 0.15. Ule wa kijivu unachafua shanga nyeupe, ufute kwanza kwa kitambaa, au nunua mweupe. Mkasi wako wa maana usiukatie mshipi huo. Ule wa kioo uachie samaki: mgumu, jua linaukausha ukawa wa kukatika, na mafundo yake huteleza kama ulivyoona. Na usikate uzi mrefu kuliko pima moja. Mrefu unajisokota, na kila unapopita katika ushanga unasagika. Ukiisha, unga mwingine katikati ya safu, usiunge pembeni.

Ukitumia shanga zinazopitisha mwanga, kumbuka uzi unaonekana ndani yake. Uzi mweusi utaifanya waridi ionekane chafu. Kazi ya rangi mchanganyiko, kijivu hafifu hujificha vizuri kuliko nyeupe.

Haya, sasa chagua rangi. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa kwenda bara, alijifunza kwamba shanga nyekundu za samesame zilipokewa vizuri Unyamwezi, nyeusi zilikuwa fedha Ugogo lakini kwingine hazikuwa na thamani. Nawe uko Dodoma, Ugogo hasa! Wasikilize wanaosimama mbele ya meza yako, usiniulize mimi wa Tanga wanapenda nini. Ninachoweza kukuambia ni zipi zitakazokuaibisha. Waridi kali na zambarau nyingi zimepakwa rangi tu, na zile za kung'aa kama dhahabu hubanduka kwa jasho. Chukua tano, zisugue kwa pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nyingine tano ziweke dirishani kwenye jua wiki mbili, nyingine zibaki kabatini, kisha uzilinganishe. Zilizoshindwa zifanyie mapambo ya ukutani, usimvishe mtu.

Wale wateja waliorudisha, warekebishie bure, na uwaambie ukweli kuwa uzi haukufaa.

Mzigo nimeupeleka stendi leo asubuhi, utaufuata kesho. Mna mshipi wa kusukwa, kipande cha nta, sindano namba 10 na chache za namba 12, na shanga nyeusi za namba 11 kwenye kichupa cha dawa. Kifuniko nimekizungushia plasta. Kifungulie juu ya taulo.

Mama yako