Miezi mitatu bila mshahara, na maswali mengine ya wachezaji

Kaka, shikamoo. Mwezi wa tatu huu hatujalipwa. Katibu wa klabu anatuambia tuvumilie, na kwamba nikiondoka nitafungiwa kucheza. Ni kweli?

Marahaba. Huwezi kufungiwa kwa kudai haki yako, ila namna utakavyoondoka ndiyo itakayokuokoa au kukuponza. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, tangu 2018, zina kifungu cha 14bis kinachoigusa hali yako moja kwa moja. Klabu ikishindwa kulipa mishahara isiyopungua ya miezi 2 kwa tarehe zake, mchezaji ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Lakini kwanza lazima aidai klabu kwa maandishi na kuipa siku zisizopungua 15 za kumaliza deni lote. Wengi wanairuka hatua hiyo. Mtu anafunga begi usiku, anarudi kwao, na wiki inayofuata klabu ndiyo inayomshtaki yeye kwa utoro.

Barua haihitaji lugha ya mahakamani. Andika hivi: "Mishahara yangu ya Agosti, Septemba na Oktoba, ambayo kwa mujibu wa mkataba hulipwa kila tarehe 30, sijalipwa. Naomba nilipwe yote ndani ya siku 15 tangu mtakapopokea barua hii. Msipolipa, nitavunja mkataba kwa sababu ya haki." Taja kiasi cha kila mwezi na namba ya akaunti, kisha tia sahihi. Itume kwa barua pepe rasmi ya klabu, na nyingine ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku zote 15 nenda mazoezini kwa wakati, hata kama moyo umekufa ganzi.

Wakikaa kimya, mchezaji wa kigeni anaweza kupeleka madai kwenye chombo cha FIFA cha kusuluhisha migogoro, bila kulipia. Mzawa huanzia kwenye chombo cha shirikisho la nchi yake. Usilale: FIFA haipokei shauri ambalo chanzo chake kimepita miaka 2. Kama nchini kwako kuna chama cha wachezaji, nenda leo.

Na hilo neno "tuvumilie" linaniuma sana. Mwenye nyumba anayempangisha mchezaji havumilii, wala ada ya shule ya mwanawe haivumilii.

Mwanangu ana miaka 17. Klabu imeleta mkataba wa miaka 5 na wanataka tusaini leo leo. Nifanyeje?

Mama, leo leo hapana. Kwa kanuni hizo hizo, aliye chini ya miaka 18 hafungwi na mkataba wa soka unaozidi miaka 3, na muda unaozidi hapo hautambuliwi. Miaka 5 ndiyo mwisho kwa mchezaji mtu mzima, isipokuwa sheria ya nchi iruhusu zaidi. Ichukueni karatasi mkaisome nyumbani pamoja na mtu anayeelewa mikataba. Mkisha kusaini, msinyanyuke bila nakala yenye sahihi za pande zote mbili.

Mkataba wangu wa kwanza niliusaini saa 4 usiku, juu ya boneti ya gari, kwa mwanga wa tochi ya simu. Kiongozi akaukunja, akautia mfukoni, akaniambia nakala yangu nitaipata kesho. Miezi saba baadaye, nilipodai pesa yangu ya usajili, sikuwa na hata picha ya ukurasa mmoja. Pesa ile sijaiona mpaka leo.

Nimekataa kupunguziwa mshahara. Sasa nafanya mazoezi peke yangu saa 8 mchana, na kabati langu amepewa mwingine.

Kocha ana haki ya kukuweka benchi au hata jukwaani, maana hakuna mkataba unaokuhakikishia namba. Kukutenga na wenzako ili uchoke na usaini punguzo ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 14 cha kanuni zile za FIFA kinatambua kwamba unyanyasaji wa kumlazimisha mtu avunje au abadili mkataba unampa aliyetendewa sababu ya haki ya kuuvunja. Weka daftari: tarehe, saa, nani alikuambia, nani alikuwepo. Jumbe za simu usizifute. Ila usivunje mkataba kabla ya kuonana na mwanasheria, kwa sababu kesi ya namna hii ni ngumu kuithibitisha kuliko ya mshahara.

Goti limevimba. Mmiliki anataka nichomwe sindano ya ganzi nicheze fainali.

Mmiliki si daktari. Sindano inazima maumivu, na maumivu ndiyo yanayokuambia usimame. Omba picha za goti na ripoti ya daktari kwa maandishi, ubaki na nakala. Akikwambia usicheze, usicheze.

Nina mimba ya miezi mitatu na naogopa kumwambia kocha. Nitafukuzwa?

Hongera, dada. Tangu Januari 2021 FIFA inaitaka klabu impe mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, zikiwemo angalau 8 baada ya kujifungua, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Klabu ikikufukuza kwa sababu ya mimba, imevunja mkataba bila sababu ya haki. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliidai klabu yake ya Lyon ya Ufaransa mishahara ambayo hakulipwa akiwa mjamzito, akashinda zaidi ya yuro 82,000. Mjulishe kocha, na siku hiyo hiyo iandikie klabu ukiambatisha cheti cha daktari.

Klabu imeuzwa. Mmiliki mpya anasema mishahara ya nyuma tumdai yule wa zamani.

Aliyesaini na wewe ni klabu, na klabu bado ipo. Aliyeinunua ameinunua na madeni yake, na kuyajua kabla ya kulipa ilikuwa kazi yake. Hata wakisajili kampuni mpya, FIFA huangalia jina, rangi za jezi, makao makuu, wachezaji na wamiliki, na ikiona ni timu ile ile inaweza kuitwisha deni la zamani.

Hatari kubwa zaidi ni kufilisika. Parma ya Italia ilitangazwa kufilisika Machi 2015 baada ya kubadili wamiliki, huku wachezaji wakicheza bila mishahara, na msimu uliofuata ikaanzia Serie D, daraja la nne la soka la Italia. Ikitokea hivyo kwenu, andikisha deni lako kwa mfilisi, yaani msimamizi wa mali na madeni ya klabu iliyofilisika, kabla muda wa kuandikisha haujapita, kwa sababu ukikaa kimya wakati huo, klabu mpya itakuuliza ulikuwa wapi.